Madoa sugu na waksi ya zamani kwenye rangi ya gari: soma dalili kabla ya kusugua

Doa la kwanza nililowahi kuliondoa "kwa mafanikio" lilikuwa tone la lami kwenye boneti nyeusi. Nilichukua sponji ya kuoshea sufuria, ule upande wake wa kijani, nikasugua. Lami ikatoka ndani ya nusu dakika nami nikajisifu. Kesho yake jua lilipopiga, mahali palipokuwa na tone la ukubwa wa punje ya dengu palikuwa na wingu la mikwaruzo pana kama sahani. Lami ile ingeachia yenyewe kwa mafuta ya taa kidogo na subira ya dakika mbili. Wingu lilinigharimu Jumamosi nzima ya kupiga polishi, na halikuisha lote.

Tangu hapo mtu akiniuliza atumie dawa gani, namuuliza kwanza: doa liko juu ya rangi au limeingia ndani? Lililo juu hulainishwa likaachia. Lililoingia halitolewi, kinachofanyika ni kupunguza klia inayolizunguka mpaka uso ulingane. Klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalotoa mng'ao, haina akiba. Kwenye rangi ya kiwandani, matabaka yote kuanzia praima, lile tabaka la chini, huwa na unene wa takriban maikroni 100 hadi 150, na klia peke yake mara nyingi ni 35 hadi 50. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Ukishaikata hairudi.

Vipimo vya kuanzia

Osha gari kwanza, kivulini, bodi ikiwa imepoa kiasi cha kuweka kiganja bila kushtuka. Nusu ya "madoa sugu" ninayoonyeshwa ni vumbi lililogandamana. Ukisugua vumbi hilo likiwa kavu umeshaanza kazi ya msasa.

Kisha pitisha kucha taratibu juu ya alama. Ikipanda, kuna kitu kimekaa juu. Ikinasa, hilo ni shimo au mkwaruzo, na kama inanasa waziwazi, polishi haitaufuta. Isipohisi chochote huku jicho linaona alama, basi doa limezama kwenye klia au ni michubuko midogo sana.

Kipimo cha pili ninakipenda zaidi. Vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, lowesha bodi, kisha pitisha ncha za vidole. Rangi iliyoonekana laini kama kioo itakukwaruza kama ulimi wa paka. Nailoni inazuia ngozi yako isinate kwenye rangi, kwa hiyo kila chembe iliyojichomeka unaihisi.

Dawa yoyote, hata siki, ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano sehemu ya chini ya mlango. Kitambaa cha majaribio kikichukua rangi ya gari, ruka hadi dalili ya mwisho. Gari lenye rangi isiyong'aa ya kiwandani lisiguswe kwa polishi wala waksi ya kawaida, kwa sababu litapata mabaka yanayong'aa ambayo hayaondoki. Na kama gari limepigwa rangi upya karibuni, muulize aliyepiga lini unaweza kulipaka waksi au dawa kali. Wengi hutaka ipite kati ya siku 30 na 90, rangi ipumue na kukomaa.

Dalili: nimepaka waksi, sasa gari lina ukungu na mabaka meupe

Chanzo kinachoongoza ni wingi. Watu hupaka waksi kama siagi, inakauka nene, kitambaa kinashindwa kuinyanyua. Kinachofuata ni kupaka juani: vimiminika vinaruka kabla hujageuka, nta inabaki imeshika kama gundi. Mara chache zaidi, waksi ilipakwa juu ya maji yaliyojificha kwenye maungio au juu ya waksi ya aina nyingine iliyochakaa.

Anza na kitambaa safi cha maikrofaiba kilicholoweshwa kidogo na maji ya uvuguvugu. Isipotosha, fanya jambo linaloonekana la kichaa: paka waksi ileile tena, nyembamba sana, eneo la ukubwa wa viganja viwili, kisha ifute papo hapo kabla haijakauka. Vilainishi vilivyomo kwenye waksi mbichi hulegeza ile kavu, zikatoka pamoja. Badilisha upande wa kitambaa kila mara. Kitambaa kilichojaa nta hakifuti, kinahamisha.

Ukungu ukibaki baada ya hapo, pangusa sehemu moja kwa spiriti, yaani alkoholi ya isopropili, iliyochanganywa na maji (kipimo kiko chini). Ukitoweka, ilikuwa waksi. Ukibaki vilevile, hukuwa na tatizo la waksi tangu mwanzo. Una klia iliyochoka au mikwaruzo ya duara ya kuoshea.

Dalili: weupe kwenye plastiki nyeusi, pembeni mwa nembo na kwenye maungio

Hapa hakuna mjadala kuhusu chanzo: waksi au polishi ilimwagikia mahali isipotakiwa na kukaukia kwenye vinyweleo vya plastiki. Swali ni imekaa muda gani.

Ya jana hutoka kwa mswaki laini, maji ya moto kiasi na sabuni. Ya miezi miwili inahitaji spiriti kwenye mswaki uleule, kisha kupangusa. Ile inayokataa kabisa nimeitoa mara nyingi kwa kifutio cha penseli, kile cheupe laini. Unafuta kama unavyofuta hesabu iliyokosewa, vipande vidogo vya kijivu vinaanguka, na chini yake plastiki inarudi nyeusi. Kazi inachosha mkono, ila haina madhara. Kwenye nembo na maungio tumia kijiti cha mbao kilichofungwa kitambaa, kamwe si bisibisi. Plastiki ikibaki na kijivujivu hata baada ya kusafishika, hiyo imepauka kwa jua na hakuna cha kufuta.

Safari ijayo bandika utepe wa karatasi juu ya plastiki kabla ya kupaka.

Dalili: sijui kama waksi ya zamani imeisha, na nataka kupaka mpya

Sema ukweli: wengi wanahangaika kuondoa waksi ambayo haipo. Nta ya asili, hata ile ngumu ya carnauba, mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, hudumu wiki kadhaa hadi miezi michache kwa gari linalolala nje. Kama unarudia waksi ileile, osha, kausha, paka. Kuvua waksi kuna maana ukienda kupiga polishi, ukibadilisha aina ya kinga, au mabaka yakikuonyesha kwamba imebaki huku na kuondoka kule.

Mwaga maji polepole kwenye boneti safi. Yakijikusanya kuwa matone ya mviringo, kinga ipo. Yakitandaa kama shuka, ama imeisha ama uchafu umeifunika, ndiyo maana nasisitiza iwe safi.

Kuvua hufanywa kwa ngazi:

1. Osha kwa sabuni ya vyombo badala ya shampuu ya gari. Mara moja tu kwa ajili ya kazi hii, si kila wiki, kwa sababu inakausha mipira ya madirisha. Suuza sana.
2. Kausha, kisha pangusa sehemu kwa sehemu kwa alkoholi ya isopropili. Ile ya asilimia 70 ichanganye sehemu moja kwa sehemu mbili za maji, upate kama asilimia 23. Kali zaidi ya hapo haiongezi faida kubwa, na inaweza kulainisha rangi isiyo imara. Nyunyizia kitambaa, si bodi.
3. Jaribu maji tena.

Matone yakikataa kuondoka baada ya ngazi zote, kuna uwezekano gari lina kinga ya kemikali au seramiki. Hiyo haiogopi sabuni wala alkoholi. Hutolewa kwa polishi inayokata, na hapo tayari unakata klia. Kama huna sababu nzito, iache. Kama unayo, mpe fundi mwenye mashine.

Dalili: nukta au matone yanayonata

Mahali zilipo panakuambia ni nini. Nukta nyeusi chini ya milango na nyuma ya magurudumu ni lami. Matone ya rangi ya asali juu ya paa na boneti ni utomvu wa mti. Umbo lenye kona nne ni gundi ya stika, na hapo huhitaji upelelezi.

Lami ni mafuta, kwa hiyo inaitikia mafuta. Dawa maalumu ya lami ni salama zaidi. Isipokuwepo, tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa, kiweke juu ya nukta dakika moja au mbili bila kusugua. Utaona kahawia inaanza kutambaa kwenye kitambaa. Hapo vuta kwa upole upande mmoja. Rudia badala ya kukaza mkono. Mwisho osha kwa sabuni, maana mafuta ya taa huacha utando, na ile waksi ya hapo imeondoka pia.

Utomvu mbichi huachia kwa maji ya moto na sabuni. Uliokauka unataka alkoholi: kitambaa chenye alkoholi juu yake kwa sekunde 30 hadi 60, angalia, rudia. Usiukwangue na wembe kwenye rangi. Hiyo ni mbinu ya vioo. Utomvu ukikaa juani wiki nyingi huacha alama iliyozama, na hapo unahamia kwenye polishi.

Gundi ya stika ipashwe kwa mashine ya kukaushia nywele, ukiisogeza bila kusimama mahali pamoja, kisha ivute kwa kidole. Mabaki hutoka kwa mafuta ya kula au alkoholi. Ukiona umbo la stika bado linasomeka baada ya gundi kuisha, hilo si doa. Rangi ya pembeni imepauka kwa jua na ya chini ya stika ilikingwa. Polishi inaweza kupunguza tofauti, mara nyingi haiimalizi.

*Onyo.* Petroli na thina zisiwe chaguo la kwanza wala la tatu. Petroli inawaka kirahisi mno kwa mvuke wake. Thina inaweza kutoifanya lolote rangi ya kiwandani kwa mguso mfupi, lakini ikikutana na rangi ya gereji iliyopigwa bila hadina (dawa ya kukazia rangi) inaiyeyusha mbele ya macho yako, na huwezi kujua kwa kutazama ni ipi. Hata kwa mafuta ya taa na alkoholi, vaa glavu, fanya kazi penye hewa, mbali na moto na sigara, na vitambaa vilivyotumika vianikwe nje, visirundikwe kwenye ndoo.

Dalili: vidoa vya kahawia kama kutu, hasa kwenye gari jeupe

Wenye magari meupe huogopa kwamba bodi inaoza. Mara nyingi sivyo. Ni chembe za chuma, nyingi zikitoka kwenye breki, au kwa wanaoegesha karibu na reli na karakana za kuchomelea. Zinatua zikiwa moto au zenye ncha, zinajichomeka kwenye klia na kushika kutu zenyewe. Kwenye gari jeusi zipo vilevile, huzioni tu, nailoni itakuambia.

Dawa ya kuondoa chuma hunyunyiziwa kwenye bodi iliyopoa, na inapokutana na chembe inageuka zambarau na kutiririka. Inanuka kama yai viza, usishangae. Isikaukie kwenye rangi. Suuza vizuri.

Zinazobaki, pamoja na rangi iliyopeperuka kutoka kwa mtu aliyekuwa akipaka geti, hutolewa kwa udongo wa kusafishia rangi, ile klei inayofinyangika. Udongo unataka utelezi mwingi: maji yenye shampuu muda wote, mkono mwepesi, mistari iliyonyooka. Utasikia mwanzoni ukikwaruza, kisha kelele inapungua hadi unateleza kimya. Kelele ikiisha eneo hilo limemalizika. Finyanga kupata uso mpya kila baada ya eneo dogo. Kipande kikianguka chini, kitupe. Najua kinauma, lakini kimebeba mchanga. Udongo pia huchukua waksi na unaweza kuacha michirizi hafifu, hivyo usiugeuze mazoea ya kila wiki.

Simama kama kidoa kimevimba, kinatoka kwenye mkwaruzo, au rangi inabonyea ukiigusa. Hiyo ni kutu ya bodi kutoka chini na kazi ya fundi wa bodi.

Dalili: duara nyeupe za maji zisizofutika

Maji yakikauka juu ya rangi huacha madini yake, hasa kalisi na magnesi. Duara mpya hutoka kwa kuosha tu. Za siku kadhaa zinahitaji siki nyeupe na maji safi, nusu kwa nusu: weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika moja au mbili, pangusa, suuza kwa maji mengi. Bodi iwe ya baridi, na siki isiachwe ikauke. Usiwahi kuichanganya na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, mvuke wake ni sumu.

Zikibaki kama vivuli unavyoviona ukiinamisha kichwa, maji yameichonga klia. Polishi laini kwa mkono, mara mbili tatu, kisha uangalie kwa tochi. Kama hakuna badiliko, acha.

Wanaomwagiwa na bomba la bustani kila alfajiri, egesheni kwingine. Hakuna dawa itakayowahi hilo.

Dalili: kinyesi cha ndege kimeondoka, alama imebaki

Kwanza jinsi ya kukitoa, maana uharibifu mwingi hufanyika hapo. Kina tindikali ya yuriki, na mara nyingi kina mbegu na mchanga ndani. Karatasi kavu pamoja na mchanga huo ni msasa. Funika kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi, kisha kinyanyue kuelekea juu, usikitandaze.

Alama inayobaki hutokana na tindikali, lakini joto lina mkono wake pia. Bodi nyeusi juani inaweza kupita nyuzi 60 za selsiasi. Klia inalainika na kutanuka, jioni inapoa na kujikaza kulizunguka bonge lililokauka, ikichukua sura yake. Ndiyo maana muda wa saa tano mchana ni mbaya kuliko usiku mzima, na ndiyo maana baadhi ya alama changa hufifia ukizipasha moto taratibu kwa mashine ya nywele. Jaribu hilo kwanza. Kisha polishi laini. Wadudu waliopasuka mbele ya gari hutendewa vivyo hivyo, kwa kulowesha.

Alama yenye nyufa ndogo kama za tope lililokauka, au iliyopoteza rangi katikati, imepita klia. Polishi itaifanya ionekane zaidi.

Dalili: mstari wa rangi ngeni baada ya kugusana na gari au ukuta

Yanatisha, na mara nyingi ni mepesi kuliko yanavyoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya unachokiona ni rangi ya mwenzako iliyobanduka na kukaa juu ya yako. Kucha ikipanda, una bahati. Alkoholi kwanza, udongo pili, polishi kwa kidole kilichofungwa kitambaa tatu. Kampaundi kali, ile polishi nzito inayokata, iwe ya mwisho, na mbali na kingo za bodi, ambako rangi huwa nyembamba na hukatika ghafla. Ukiona kijivu cha praima au chuma chenyewe, funika kwa rangi ya kugusia upesi ili maji yasiingie, ukamwone fundi rangi.

Dalili: weupe unaotoweka bodi ikilowa na kurudi ikikauka, au kitambaa kinachukua rangi ya gari

Hizi ni dalili mbili zinazofanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa tiba, kwa hiyo tazama kitambaa. Kikichukua rangi ya gari, una rangi ya zamani ya tabaka moja isiyo na klia, na uso wake umeungua kwa jua. Hiyo hupona vizuri kwa polishi na waksi, na kitambaa kuchafuka ni kawaida. Usishtuke, ila usiendelee hadi praima ichungulie. Isipokuwa kama umejua wazi kwamba gari lina klia: kitambaa kikichukua rangi hapo, klia imekwisha mahali hapo. Acha papo hapo.

Kitambaa kikibaki safi na weupe una kingo zenye ncha kama ramani, klia inabanduka. Huanzia paa na boneti. Hakuna waksi, polishi wala udongo unaoirudisha, na ukipitisha mashine kwenye kingo hizo unazinyanyua zaidi. Hilo ni la kusafishwa kwa msasa na kupigwa rangi upya na fundi.

Ukimpelekea fundi kazi yoyote ya mashine, mwombe apime unene wa rangi kwa kipimo chake kabla ya kuanza, sehemu kadhaa za kila bamba, na akuonyeshe namba. Akisoma chini ya maikroni 80 au 90 kwenye rangi ya kiwandani, kubalini pamoja kuiacha alama hiyo ilivyo. Asipokuwa na kipimo, aanze na eneo la ukubwa wa kiganja chini ya mlango, nawe usimame hapo ukiangalia kitambaa chake.